Mstari Mmoja wa Koome Radi

Mimi muziki wa roki siupendi, na nataka hilo lijulikane mapema, maana watu wa Meru mjini wakinisikia nikimtaja Koome Radi hudhani nilikuwa mmoja wa mashabiki wake. Sikuwa. Kwetu Runyenjes, huko Embu, tulikua na kwaya na akodioni ya mjomba, na gitaa likipigwa lilipigwa kwa adabu. Gitaa la Koome lililia kama bati likikatwa kwa msumeno. Basi habari hii ni ya Celina, si ya Radi. Radi ana watu wengi wa kumsimulia.

Celina, au Mama Kathambi kama ninavyomwita, ana saiba pale Makutano, nyuma ya maduka ya mbao. Upande wake una kompyuta mbili na printa. Upande wangu una kiti, pazia jeupe na kamera ya picha za pasipoti. Tumegawana chumba hicho kimoja miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo yeye huniita Muembu mbele ya wateja, kana kwamba sina jina. Jina ninalo. Naitwa Runji.

Kazi yake kubwa ni programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu juu, wasifu ndani na nyimbo za kanisa nyuma. Familia huja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, Celina anapiga chapa, anapanga picha, anatoa nakala. Alizaliwa Laare, kwa mkulima wa miraa mwenye mabinti sita aliyeapa kwamba lazima mmoja wao ajue taipu. Akaijua taipu kwenye zile mashine za chuma zinazoumiza vidole, akamwandikia wakili mmoja barua kwa miaka saba. Wakili akafariki, na wasifu wa kwanza ambao Celina aliuandika maishani mwake ukawa wa bosi wake. Watu waliousoma pale kaburini wakauliza ni nani ameupanga vizuri hivyo. Tangu hapo, haki ya Mungu, nadhani ameandika nusu ya wafu wa Imenti.

Ana kanuni yake. "Wafu si wangu," husema. "Yangu ni nukta na koma." Familia ikisema marehemu alipendwa na wote, na mtaa mzima unajua alikuwa akikimbiza watu na panga, Celina ataandika alipendwa na wote. Haongezi, hapunguzi. Tena hafungui ukurasa mpya. Hufungua wa marehemu aliyetangulia, akawa anafuta huku akiandika, ili picha na mistari ikae mahali pake. Ni njia ya haraka, lakini ukizubaa unaweza kumpa mzee wa watu watoto wa jirani. Ndiyo maana ana rula. Akimaliza huiweka chini ya mstari, anasoma kwa sauti alichopiga, na mimi nashika karatasi ya familia nikimfuata neno kwa neno. Hakuna programu iliyowahi kutoka bila rula hiyo.

Sasa, ugonjwa wake ulikuwa Koome Radi. Mama wa miaka hamsini na miwili, kitambaa kichwani, mwekahazina wa akina mama kanisani, na kwenye simu yake nyimbo arobaini za makelele! Siku moja nilimuuliza, si una wazimu wewe? Akaniambia. Mumewe alipofariki, Kathambi alikuwa na miaka miwili, naye hakulia. Alikaa wiki tatu macho makavu, watu wakaanza kunong'ona kwamba hakumpenda. Kisha jirani akafungulia kaseti ya Koome, na yule kijana akapiga ukelele mmoja mrefu katikati ya wimbo. "Alilia kwa niaba yangu, Runji," akasema. "Ndipo na mimi nikaweza." Siku hiyo hakuniita Muembu, na mimi sikumcheka.

Koome alifariki Jumatatu moja ya Agosti, mwaka wa 2016, katika hospitali ya Nairobi. Figo. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Kufikia saa nne asubuhi Makutano yote ilikuwa imejua. Kinyozi wa jirani alitoa spika nje akafungulia nyimbo zake. Watu wa bodaboda walifunga vitambaa vyeusi kwenye vioo vya pikipiki. Redio ya hapa ilifungua simu, na wanaume wazima, watu wa kufunga miraa kule Laare, wakawa wanapiga na kushindwa kuongea. Mmoja alisema tu, "Mimi ni Mutuma," akalia mpaka simu ikakatwa. Walijiita Waradi, na sikujua kwamba ni wengi hivyo.

Celina alizicheza zile nyimbo arobaini Jumatatu, akazirudia Jumanne. Jumatano uvumilivu ukaniisha.

"Mama Kathambi, punguza basi. Watu wanatoka kwenye picha kama wanaoibiwa."

"Mtu amekufa, wewe unaongea habari ya picha?"

"Amekufa yeye, kelele ndiyo imekataa kufa."

Lilikuwa neno baya. Nilijua ni baya kabla halijamaliza kutoka mdomoni, lakini mimi nikishasema nimesema, ndiyo kasoro yangu. Celina akazima simu, akaitia mkobani. Hatukusemezana tena siku hiyo, wala Alhamisi.

Ijumaa asubuhi akaingia mzee mrefu wa suti ya kahawia, kofia mkononi. Alikuwa Mzee Ishmael kutoka Githongo, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Alitoa karatasi mbili zenye mwandiko mzuri ajabu na picha ya mtu aliyevaa tai. Sikumtambua yule wa kwenye picha. Celina alimtambua, nikamwona akishika ukingo wa meza. Mzee alikuwa baba mdogo wa Koome. Mazishi yalikuwa kesho yake, na alitaka nakala mia tatu.

Celina akasoma karatasi zote mbili, akazigeuza kuangalia nyuma, akazisoma tena.

"Mzee, hapa kwa kazi," akasema pole pole. "Mmeandika alihamia Nairobi mwaka wa 1989, ambako alijishughulisha na kazi za kibinafsi."

"Ndiyo."

"Na kuimba?"

"Kuimba gani?"

"Mzee, huyu ni Koome Radi."

"Huyu ni Koome, mwana wa ndugu yangu." Hakupandisha sauti. Walimu wakuu hawana haja. "Sikiliza, mama. Ndugu yangu alilivunja gitaa la kijana huyu kwa shoka, akasema neno la gitaa lisitajwe tena katika boma lake. Kijana akaondoka. Ndugu yangu ameshalala, lakini mjane wake yupo, na miaka ishirini na saba sisi sote tumemheshimu. Hatutaji. Hatutaanza kumwumiza kesho mbele ya jeneza. Andika kama ilivyo."

"Mstari mmoja tu, mzee. Hata nusu."

"Kama ilivyo," akasema mzee, akavaa kofia yake.

Alipotoka, Celina alikaa akiitazama karatasi. Mimi nilijifanya napangusa kamera. Akaanza kusema, sijui kama ni kwangu au kwa kompyuta. "Watu huweka hizi programu ndani ya Biblia. Miaka hamsini baadaye mjukuu anaitoa, na hiyo ndiyo anajua. Huyu ataambiwa babu alikuwa mtu wa kazi za kibinafsi. Na mkono uliomfuta ni huu wangu." Akauinua mkono wake wa kulia akauangalia. Uchungu uliokuwa usoni mwake sijawahi kuuona hata kwa wafiwa.

Kisha akaandika, kwa sababu kazi ni kazi. Alifungua ukurasa wa marehemu aliyetangulia, mama mmoja wa Ruiri aitwaye Peninah aliyezikwa Alhamisi, akaanza kumfuta na kumwandika Koome. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya vibonye, anapangusa kwa kitambaa, anaendelea. Alipomaliza akachukua rula.

"Muembu, njoo tusome."

"Nina mteja," nikasema.

Sikuwa na mteja. Kulikuwa na kiti kitupu na pazia. Celina alikiangalia kile kiti, akaiweka rula mezani, akachapisha.

Usiku ule dhamiri ilinisumbua, kwa hiyo Jumamosi saa moja nilifika na mandazi ya moto, nikiwa nimejipanga kuomba msamaha kwa njia ya kuuliza kama kuna chai. Nilimkuta amesimama, mia tatu zote zimekunjwa na kupangwa kwenye katoni, moja iko wazi mkononi mwake. Akanipa. Nikasoma. Alizaliwa, alisoma, alihamia Nairobi ambako alijishughulisha na kazi za kibinafsi. Halafu hapo chini yake:

"Tangu shule ya Jumapili hadi siku zake za mwisho hakuacha kuimba. Sauti yake iliwaita wengi waliokuwa wamepotea, na walioisikia hawataisahau."

"Ngai!" nikasema. "Uliongeza?"

"Sikuongeza. Ni ya Mama Peninah. Alikuwa kwenye kwaya ya kanisa lao miaka arobaini. Nimesahau kumfutia."

Nikakaa kwenye kiti changu cha picha. Ningeshika ile karatasi Ijumaa, tungeuona mstari huo kwa dakika moja. Ile ilikuwa dhambi yangu kabisa, na nikamwambia hivyo. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja na dakika kumi. Gari la Githongo lingefika saa mbili. Karatasi ilikuwepo, stima ilikuwepo, printa ilikuwa nzima.

"Rekebisha basi," nikasema. "Wakati upo. Mimi nitakunja."

Celina akakaa mbele ya kompyuta. Akaufungua ukurasa, akaupaka ule mstari rangi ya buluu, tayari kuufuta. Kidole kikasimama juu ya kibonye. Nakwambia kilisimama pale mpaka mandazi yangu yakapoa.

"Jana mkono wangu ulimfuta mara moja," akasema. "Sasa unataka nimfute mara ya pili?"

"Mama Kathambi, miaka yote hii umesema wafu si wako. Wakigundua, nani ataleta kazi hapa tena? Na yule mama mzee atakayeumia, umemfikiria?"

"Nimemfikiria usiku kucha, na sikuwa hata nimeuona huu mstari." Akazima kompyuta. "Jina langu litaharibika. Acha liharibike."

Binti mmoja akaja na gari akachukua katoni. Mimi nikachukua kamera, nikafunga mlango, nikaenda na Celina Githongo. Si kwa ajili ya Radi. Kwa ajili ya Celina, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele cha gari akisema haogopi.

Boma lilikuwa katikati ya kahawa, mahema matatu, spika mbili, na jeneza chini ya hema la katikati. Waumini walikaa kwenye viti. Waradi walikuwa nje ya ua, wamesimama katikati ya mibuni, labda mia nne, labda zaidi. Walikuwa wameruhusiwa kuja ilimradi wasiimbe wala wasioneshe picha. Kwa hiyo wote walikuwa wamezigeuza fulana zao, picha ya Koome ikawa ndani, imelalia kifua. Ungeona tu mishono. Watu wa roki, wenye nywele za kusokota na hereni, wamesimama kimya kama wanafunzi kwenye gwaride. Nilichokuwa nimewadhania miaka yote sikukiona.

Mama yake Koome, Mama Cicily, alikaa mbele kabisa, leso mbili mabegani, mkongojo magotini. Mchungaji aliomba. Majirani walisema, shule ilisema, kanisa likasema, na kila aliyeshika kipaza sauti alizunguka mbali na ile kazi ya marehemu kama mtu anayezunguka dimbwi. Kisha Mzee Ishmael akasimama kusoma wasifu.

Alisoma kwa sauti ya darasani, mstari baada ya mstari, bila shaka yoyote, kwa sababu ni yeye aliyeandika. Watu walifuata kwa kidole kwenye nakala zao. "Alijishughulisha na kazi za kibinafsi. Tangu shule ya Jumapili hadi siku zake za mwisho hakuacha," akasoma, akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na miwani. Lakini mia tatu walikuwa wameshafika pale na vidole vyao, na mwalimu mkuu hawezi kuacha sentensi katikati. "Hakuacha kuimba," akamalizia, na sauti ikamshuka. "Sauti yake iliwaita wengi waliokuwa wamepotea, na walioisikia hawataisahau."

Kule kwenye kahawa mwanamke mmoja akasema "Woi!" basi. Celina alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia.

Mama Cicily akainua mkongojo. "Ishmael. Rudia hapo."

"Mama Koome, kuna makosa ya—"

"Rudia."

Akarudia. Mama akasikiliza huku midomo yake ikitembea nyuma ya maneno. Kisha akauliza nani ameyaandika hayo.

Celina akasimama. Angeweza kukaa kimya, ningekuwa mimi ningekaa. "Ni mimi, mama. Niliyepiga chapa. Lakini sitakudanganya mbele ya mwanao. Maneno hayo si yake. Ni ya mama mmoja wa Ruiri, wa kwaya, aliyezikwa Alhamisi. Yalibaki kwa makosa. Niliyaona leo asubuhi kabla hayajaja huku, na nikayaacha kwa makusudi. Nisamehe kama nimekuumiza."

"Mmesikia?" Mzee Ishmael akageukia watu. "Mmesikia wenyewe?" Alikuwa na haki ya kukasirika, sikatai. Tangu siku ile kanisa lake halijatuletea marehemu hata mmoja, na Celina hajawahi kulalamika.

"Ishmael, kaa chini," akasema Mama Cicily.

Akajiinua kwa mkongojo, wajukuu wawili wakimshika, akatugeukia sote.

"Mimi ndiye niliyempeleka shule ya Jumapili," akasema. "Kwa hiyo huyo mama wa Ruiri ameazimwa vizuri. Baba yake alikataza, nami nilikuwa mke wake, nikanyamaza. Lakini baba yake amekufa miaka kumi na mmoja sasa. Nikiingia dukani, redio inazimwa. Nikipita kwa jirani, redio inazimwa. Hata watoto hawa wangu, nikifungua mlango, wanazima. Nilidhani mnamwonea aibu mwanangu. Nikasema basi, labda anaimba vibaya, labda ni mambo ya aibu anayoimba, na mnanificha." Akapumua. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kusikia."

Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee Ishmael alikuwa ameketi na kofia yake magotini, anaigeuza, anaigeuza. Wao walikuwa wamemheshimu. Watu wa mlima wote hufanya hivyo, hata sisi wa Embu: tukimpenda mtu sana, kidonda chake hatukitaji, na hatuulizi kama kimepona.

Mama Cicily akatazama ng'ambo ya ua. "Ninyi mlioko kwenye kahawa. Mlikuwa mnampendea wimbo gani? Mimi siujui hata mmoja."

Waradi wakaangaliana. Kisha yule mwanamke aliyesema woi akaanza, bila gitaa, bila ngoma, sauti yake imepasuka kwa kilio. Wengine wakaingia. Ulikuwa wimbo wa mtu anayehesabu vitu vya nyumbani kwao alivyoviacha: chungu, jembe, mbuzi mwenye pembe moja, sauti ya mama akiita kuku jioni. Mimi nilikuwa nimeusikia mara mia kutoka kwenye simu ya Celina, na kila mara nilisikia gitaa tu. Maneno nilikuwa sijayasikia. Nikaiweka kamera kwenye nyasi, maana nilikuwa nalia na sikuona kitu.

Mama Cicily alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya jeneza. Wimbo ukaisha. Celina alikuwa bado wima, hajui kama akae au aondoke, na mama akamwita kwa mkono asogee.

"Huu aliutunga lini?"

"Mwaka wa tisini na sita, mama," akasema Celina.

"Tisini na sita." Akaifikiria. "Mwaka huo nilikuwa na kuku wengi," akasema. "Nilikuwa hapa hapa nyumbani, na masikio yalikuwa mazima."